Kinga ya ndigana: Unanunua nini unaponunua mtamba mwenye hereni?

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

MFUGAJI wa Ibighi anayenunua mtamba wa maziwa hulipa kwa kile anachokiona: umbo, umri, rangi, ukoo wa mama na, kama yupo wa kumwambia ukweli, lita ambazo mama huyo alikuwa akitoa kwa siku. Kitu kimoja chenye thamani kubwa kuliko vyote hivyo hakionekani kwa macho, nacho ni kinga ya ndigana kali iliyomo, au isiyokuwamo, ndani ya chembe nyeupe za damu ya mnyama huyo.

Tatizo la kibiashara ni hili. Mnyama akiumwa na kupe mwenye vijidudu vya ndigana leo, homa huanza kuonekana baada ya siku 10 hadi 15, na kifo, kama hakutibiwa, huja kati ya wiki ya tatu na ya nne. Biashara ya mtamba huchukua siku chache tu kutoka zizi hadi zizi. Maana yake ni kwamba muuzaji huwa ameshalipwa na kuondoka kabla dalili ya kwanza haijatokea. Hatari hubadilisha mikono pamoja na fedha, na mara nyingi mnunuzi hajui kwamba ameinunua.

Wiki hii tunaeleza kinga hiyo ni nini hasa, kwa nini chanjo yake ina masharti magumu kuliko dawa ya kawaida ya dukani, na ni wakati gani hereni ya sikioni inastahili kuongezewa bei.

Barabara ya kushuka ni barabara ya kupe

Kupe anayeeneza ndigana kali ni kupe wa kahawia wa masikioni. Hupenda unyevu na joto la wastani, na baridi kali ya milimani humpunguza. Hebu tuangalie njia ya biashara yetu kwa jicho hilo. Kitulo, lilipo shamba la Serikali la ng'ombe wa maziwa, ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Tukuyu ni karibu mita 1,600. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni karibu mita 500. Mtamba anayenunuliwa juu na kuletwa chini anatoka penye kupe wachache na kuingia penye kupe wengi, akiwa hajawahi kukutana na adui huyo.

Ndama wa kienyeji anayezaliwa penye kupe huumwa na vijidudu hivyo angali mdogo. Wengine hufa, na wanaopona hubaki na kinga. Ng'ombe wa kizungu na chotara aliyekulia mahali pasipo kupe hana bahati hiyo, na akikutana na ndigana ukubwani huwa dhaifu sana mbele yake.

Wapo wanaosema kwamba mfugaji wa Rungwe hana la kuhofia kwa kuwa anafuga ndani. Hesabu hiyo ina kasoro. Ng'ombe hatoki bandani, lakini majani yanatoka nje, na kupe husafiri ndani ya mzigo wa majani kama abiria asiyelipa nauli.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba ugonjwa huu ni ugonjwa wa biashara ya ng'ombe. Jina lake la Kiingereza lina maana ya homa ya pwani ya mashariki, na ulipewa jina hilo baada ya ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu kuupeleka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kuangamiza mifugo ya huko. Hadi leo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, hukadiria kwamba ndigana kali huua ng'ombe wapatao milioni 1 kwa mwaka katika Afrika.

Jeshi linalogeuzwa

Kijidudu cha ndigana huitwa Theileria parva. Kupe hakitoi mara tu anapong'ang'ania sikio. Huhitaji siku kadhaa za kunyonya damu kabla vijidudu havijakomaa na kutoka pamoja na mate. Ndiyo maana mfugaji anayekagua masikio na kuogesha kwa ratiba huokoa mengi.

Kikishaingia, kijidudu hiki hakikimbii jeshi la mwili. Kinaingia ndani ya askari wenyewe, yaani zile chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, na kuziamrisha ziongezeke. Kila chembe inapogawanyika kuwa mbili, kijidudu nacho hugawanyika pamoja nayo. Mwaka 1973 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo la Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, walionyesha jambo hilo kwenye chupa za maabara: chembe nyeupe za ng'ombe zilizoingiliwa ziliendelea kuongezeka bila kikomo, mfano wa saratani.

Kwa mfugaji, ongezeko hilo ndilo uvimbe wa tezi chini ya sikio, ambao ni dalili ya mwanzo. Baadaye mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo ndigana ni jeshi la mwili lililotoka katika udhibiti wa mwenye nalo.

Pacha wa Nairobi

Kama kijidudu kimejificha ndani ya chembe, nani anaweza kukifikia? Jibu lilitolewa na watafiti wa maabara ya ILRAD, Nairobi, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1994, muda mfupi kabla maabara hiyo haijaunganishwa na nyingine kuwa ILRI. Walitumia ndama pacha wa kufanana kabisa. Pacha mmoja alikuwa na kinga, mwingine hakuwa nayo. Walikusanya seli za kinga kutoka kwenye maji ya tezi ya yule wa kwanza wakati mwili wake unapambana na ndigana, wakazihamishia kwa mwenzake ambaye alikuwa amepewa kiasi cha vijidudu cha kuua.

Aliyepokea seli hizo aliokoka. Kazi hiyo ilifanywa na kundi moja maalumu la seli T, zile za kuua, ambazo hupita zikikagua chembe za mwili mmoja mmoja na kuangamiza ile iliyoingiliwa. Kinga ya ndigana, kwa maneno mengine, haimo hasa katika maji ya damu. Imo katika seli hai zilizofundishwa kumtambua adui.

Watafiti walihitaji pacha kwa sababu mwili hukataa seli za mwingine kama unavyokataa kiungo kigeni. Hauwezi kuchota seli za ng'ombe mmoja wa Ibighi na kuwadunga ng'ombe wote wa kata. Jambo hilo lina athari kubwa kwenye gharama, na linatupeleka kwenye habari ambayo wawekezaji wengi wameisikia tangu mwaka 2025 bila kuelezwa vizuri.

Askari wa kuzuia na biashara yao

Jeshi lolote huhitaji breki. Mbali na seli T za kuua, mwili una seli T za kuzuia, ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wengine wasishambulie mwili wenyewe na wasiendelee kupigana vita ikiisha. Wazo hilo lilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, likapata wafuasi wengi, kisha katika miaka ya 1980 likaporomoka kama hisa mbovu kwa kuwa ushahidi haukusimama.

Lilifufuka mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alipozitambua seli hizo kwa alama inayoonekana juu yake. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakapata jeni iitwayo Foxp3, ambayo ikiharibika mnyama hukosa breki na kushambuliwa na kinga yake mwenyewe. Mwaka 2003 Sakaguchi akaonyesha kwamba jeni hiyo ndiyo inayozitawala seli za kuzuia. Oktoba 2025 watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Biashara inayotarajiwa ni kuchota seli hizo kutoka damu ya mgonjwa, kuziongeza maabara hadi ziwe nyingi, kisha kumrudishia ili zitulize kinga inayomdhuru, kwa mfano katika kisukari cha watoto na vijana ambapo mwili huharibu kongosho lake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzao walichapisha matokeo ya watu wazima 14 wenye kisukari cha aina hiyo. Dozi zilianzia seli milioni 5 na kufikia seli bilioni 2.6. Seli zilivumiliwa vizuri, na baadhi zilionekana bado zipo katika damu mwaka mmoja baadaye. Jaribio hilo lilipima usalama hasa. Halikuthibitisha kwamba ugonjwa umepona.

Kwa mwekezaji mdogo, mambo mawili yatosha. Kwanza, kila mgonjwa anahitaji kundi lake la seli, lililotoka kwenye damu yake na kulelewa chini ya uangalizi mkali. Hiyo ni sawa na fundi cherehani anayepima nguo moja moja, na gharama zake haziwezi kuwa za nguo ya mtumba. Pili, hakuna kampuni ya shughuli hiyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayekuja Tukuyu kuuza hisa au sindano za seli za kutuliza kinga aulizwe karatasi zake kabla ya kukaribishwa kiti.

Kiwanda ni ng'ombe mwenyewe

Chanjo ya ndigana inafuata njia ya kinyume na hiyo. Badala ya kulea seli nje na kuzirudisha, inazifundisha na kuziongeza ndani ya mwili wa mnyama. Kiwanda ni ng'ombe mwenyewe, na ndiyo sababu bei yake inaweza kufikiwa na mfugaji wa kawaida.

Njia hiyo ilikamilishwa Muguga, na mchanganyiko unaotumika ulitangazwa mwaka 1975. Una aina 3 za vijidudu: ya Muguga, ya Kiambu na ya Serengeti. Ni vijidudu hai, vilivyotolewa kwenye kupe waliosagwa. Mnyama hudungwa vijidudu hivyo na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu. Dawa hiyo hupunguza kasi ya ugonjwa ili seli za kuua zipate siku za kujifunza na kuongezeka. Vita ikiisha, nyingi hufa, na chache hubaki zikiwa na kumbukumbu. Adui akirudi kwa mdomo wa kupe, zinaongezeka upya kwa haraka.

Sindano moja yatosha, na kwa kawaida kinga yake ni ya muda mrefu sana. Tanzania imeitumia kwa wingi zaidi kwa wafugaji wa kaskazini, na imejaribiwa pia kwa ng'ombe chotara wa maziwa katika wilaya za Hanang na Handeni. Siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi, katika kituo cha kupe na magonjwa yanayoenezwa na kupe.

Kwa kuwa ni kitu hai, inakuja na masharti. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Friji ya dukani haifai kitu. Ikishayeyushwa na kuchanganywa, hutumika ndani ya saa chache. Mnyama mgonjwa au aliyedhoofu hachanjwi, na mwenye mimba kubwa aamuliwe na daktari wa mifugo. Baada ya sindano mnyama huangaliwa kwa wiki 3 hadi 4, kwa kuwa wachache hupata homa inayohitaji matibabu. Na chanjo si leseni ya kuacha kuogesha, maana kupe huleta pia ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo.

Hesabu ya mrija mmoja

Kikwazo kikubwa kwa wafugaji wetu ni ujazo. Mrija wa kawaida wa chanjo hii una dozi 40, kipimo kilichomfaa mfugaji wa kundi kubwa. Mfugaji wa Ibighi ana ng'ombe mmoja, wawili au watatu. Mrija ukifunguliwa, dozi zisizotumika asubuhi hiyo zinamwagwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu, si za soko la wiki hii. Tuseme mtamba ni Sh. 1,500,000 na dozi ni Sh. 20,000. Gawanya bei ya mtamba kwa bei ya dozi, unapata 75. Maana yake, hatari ya kufa kwa ndigana ikizidi mnyama 1 kati ya 75, chanjo inajilipa.

Sasa tuseme kikundi cha watu 10 wenye mtamba mmoja mmoja kimenunua mrija peke yake. Mrija ni Sh. 800,000, na kila mtamba unabeba Sh. 80,000. Hapo chanjo inajilipa tu kama hatari imezidi mnyama 1 kati ya 19, kwa makadirio. Dawa ni ile ile na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliofika siku hiyo. Kwa hiyo orodha ya majina 40 yaliyokusanywa kata nzima, na kulipiwa kabla mtungi wa naitrojeni haujaondoka, inapunguza gharama kuliko kubembeleza bei kwa muuzaji.

Mfanyabiashara naye ana hesabu yake. Akichanja juu mlimani kabla ya kushusha, inampasa kukaa na mnyama karibu mwezi mzima. Tuseme malisho na uangalizi ni Sh. 2,000 kwa siku. Siku 30 ni Sh. 60,000. Ongeza dozi ya Sh. 20,000, jumla ni Sh. 80,000. Kama soko halimlipi angalau kiasi hicho juu ya bei ya kawaida, hatachanja, na atauza haraka kama alivyozoea. Mnunuzi anayekataa kuongeza bei kwa kinga ndiye anayelifanya soko lijae mitamba isiyo na kinga, kisha mzigo wa vifo unarudi bandani kwake.

Hereni si zote moja

Kule kaskazini ng'ombe aliyechanjwa ndigana huvalishwa hereni, na wanunuzi minadani wamezoea kumlipia zaidi. Hapo ndipo penye tahadhari. Hereni ni kama noti: thamani yake ni imani ya anayeipokea. Serikali nayo imekuwa ikiweka hereni za utambuzi wa mifugo, na kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyoanza mwaka 2025 ilihusu, kwa upande wa ng'ombe, homa ya mapafu, si ndigana. Plastiki sikioni peke yake haisemi seli za damu zimefundishwa nini.

Mnunuzi aulize, na aandike majibu:

1. Hereni hii ni ya chanjo gani, na namba yake inalingana na ile ya kwenye cheti?

2. Mnyama alichanjwa tarehe ngapi? Ikiwa haijatimia wiki 4, uangalizi bado haujaisha.

3. Nani alichanja? Kazi hii ni ya mtaalamu aliyefunzwa, na afisa mifugo wa kata anaweza kusaidia kuthibitisha.

4. Mnyama anapelekwa wapi? Aliyechanjwa anaweza kubaki na vijidudu na kuvipa kupe, hivyo jirani wasiochanja wana haki ya kujua. Na penye nyati kinga hii hupungua nguvu, kwa sababu vijidudu vya nyati hutofautiana na vile vya chanjo.

5. Kama hakuna cheti, je, muuzaji yuko tayari kuacha sehemu ya malipo kwa siku 30? Anayekubali ana imani na mnyama wake. Anayekataa amekujibu pia, na bei yako iwe ya mtamba asiye na kinga.